Maranda ya Sentimita 5 Yanatosha, Mradi Uanze na Dari

Kila ikifika Juni, wanaolea vifaranga huku Njombe na Makete huniuliza swali moja: "Bwana mifugo, banda nilizibe kwa unene gani?" Wengine wameshaambiwa na fundi kwamba kadiri kinga inavyokuwa nene ndivyo faida inavyoongezeka. Mimi sikubaliani na fundi huyo, na nitakuonyesha kwa hesabu. Chukua kalamu.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35. Usiku wa Julai huku kwetu nje huwa nyuzi 10, na mara nyingine chini ya hapo. Tofauti ni nyuzi 22. Sasa pima paa lako. Tuseme chumba ni mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Bati tupu hupitisha wati kama 6.5 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zidisha: 12 mara 22 mara 6.5, unapata wati 1,700 hivi. Kwa saa 12 za usiku ni uniti 20. Kilo ya mkaa mzuri hutoa uniti 8 hivi, kwa hiyo kila usiku kilo mbili na nusu za mkaa zinatoka kupitia bati kwenda kuwapasha joto popo.

Weka dari ya mabanzi, juu yake viroba vyenye maranda makavu ya unene wa sentimita 5. Upotevu wa paa unashuka hadi chini ya nusu kilo ya mkaa kwa usiku. Umeokoa kilo mbili. Ukiongeza sentimita 5 nyingine, upotevu unafika robo kilo. Safu ya pili imeokoa robo kilo tu. Safu ya tatu haiokoi hata gramu 100. Unaona inavyokwenda? Safu ya kwanza ndiyo inafanya kazi karibu yote. Kama maranda unayapata bure pale kwenye mashine ya mbao, weka mbili, sina ugomvi. Lakini kama unayanunua, au unataka kuagiza magodoro ya povu kutoka mjini, piga kwanza hesabu ya mkaa utakaookoa kwa bei ya kijijini kwako. Nimeona watu wakitumia mtaji wa chakula cha vifaranga kununua kinga ambayo mkaa wa misimu kadhaa haurudishi, halafu wiki ya tatu wanapunguza chakula. Hapo kifaranga anadumaa ndani ya banda zuri.

Ukuta je? Ukuta mwembamba wa tofali la kuchoma unapitisha chini ya nusu ya bati kwa kila mita. Tatizo ni kwamba kuta ni nyingi: chumba hicho hicho chenye kimo cha mita 2 kina mita za mraba 28 za ukuta, na jumla yake inafanana na ile ya paa. Dawa yake siyo kujenga ukuta wa pili. Punguza chumba. Vifaranga 200 wa wiki ya kwanza hawahitaji mita 12. Watengee kona, zungusha pazia la viroba, shusha na kifuniko juu yao, kisha panua kila wiki wanapokua huku ukipunguza joto kwa nyuzi 3 hivi. Gharama yake ni sindano, uzi na viroba vya zamani. Mimi ningeanza na hili hata kabla ya dari.

Kuna jambo moja sitaki tulifanyie mzaha. Usizibe kila tundu. Jiko la mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala moshi, na inaua vifaranga, inaua na mtu aliyelala humo kuwalinda. Acha upenyo juu, chini ya kenchi, pande mbili. Ziba nyufa za chini, kwenye kimo cha kifaranga, ambako upepo unampiga moja kwa moja. Joto litapotea kidogo kwenye upenyo huo, ndiyo, na mkaa huo ulipe tu.

Kipimajoto kining'inie kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, siyo ukutani juu. Kama huna, watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya jiko wana baridi. Wakikimbia pembeni, midomo wazi na mbawa zimelegea, joto limezidi. Wakijibanza upande mmoja, kuna upepo unaingia mahali, utafute.

Walioko Dodoma na Singida, kwenu adui ni jua la mchana juu ya bati. Dari ile ile ya sentimita 5 inawafaa, ila kuta ziwe wazi kwa wavu.

Maranda yakilowa hayazuii joto tena, na panya wanayapenda. Kwa hiyo kabla ya kuingiza kundi jipya, shusha viroba, vianike juani siku mbili, tazama bati kama linavuja, kisha virudishe.