Moto hauunguzi mionzi

Hapa Ilagala taka tumezoea kuzimaliza kwa moto. Shimo likijaa, mafuta ya taa kidogo na kiberiti, basi. Pamba na bandeji za zahanati moto mkali huziweza. Lakini kwa taka zenye mionzi, zitokazo maabara na hospitali kubwa, moto haufui dafu. Ukizichoma, mionzi inahamia kwenye moshi na jivu, na jivu mvua hulikokota hadi Malagarasi na ziwani tunakovua.

Atauliza mtu, Ilagala na mionzi wapi na wapi? Jibu ni vyuma chakavu. Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu walichukua mashine ya tiba iliyotelekezwa katika kliniki iliyohamwa, wakaifumua na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu 137, unaong'aa buluu gizani. Jamaa wakagawiana kama kitu cha ajabu. Watu 4 walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6, na 249 walikutwa wamechafuliwa. Mimi simlaumu muokota vyuma. Nawalaumu walioiacha pale.

Kazi yote ni kutenga, tena palepale mezani, si shimoni. Iodini 131, inayotumika kutibu saratani ya tezi la shingo, hupungua nguvu nusu kila siku 8. Ikifungiwa stoo siku 80 hubaki chini ya sehemu 1 kwa 1,000, ndipo hupimwa na kutupwa. Sesiamu 137 inahitaji miaka 30 kupungua nusu tu. Zikichanganywa mfuko mmoja, mfuko mzima ni wa miaka 30! Hizo za muda mrefu ni za kukabidhiwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya 2003.

Na boksi likishapoa, alama ya mionzi ibanduliwe. Ikiachwa hadi jalalani, watu wataizoea na kuidharau. (Mashine ya eksirei iliyozimwa haitoi mionzi, tusitishane bure.)

Tangazo la Kiingereza ukutani mwa maabara halimfikii mnunuzi wa vyuma huku kwetu. Serikali ya kijiji imwoneshe alama yenyewe: mapanga matatu meusi yaliyozunguka kitone, juu ya rangi ya njano. Akiiona kwenye chuma kizito kuliko umbo lake asifungue wala asibebe. Awaondoe watoto, akae mbali, atoe taarifa polisi.