Seremala wa Karakana Si Kibarua



Orodha ya madaraja iliyobandikwa ukutani mmeiona. Fundi wa mashine amewekwa daraja la pili, na mchomeleaji vivyo hivyo. Lakini seremala achongaye violezo vya vyuma ametupwa chini kabisa, pamoja na mtu wa kugongagonga mabenchi ya stesheni. Simdharau mtu wa mabenchi, nimekalia kazi yake mara nyingi. Nauliza tu: aliyeiandika orodha hii alikwisha kuingia karakana yetu hata siku moja?

Ati, "Mti ni mti." Haya, tuutazame mti huo. Behewa la mizigo limevunjika kifuniko cha kisanduku cha ekseli. Waliolitengeneza walikwisha kufunga kiwanda zamani, na mchoro haupo. Naletewa vipande vitatu ndani ya gunia, vimejaa grisi. Navipanga, napima, nakisia upande uliopotea, kisha nachonga kifuniko kizima kwa podo kavu, kwa randa, patasi, tupa na msasa. Kiolezo hicho ndicho hufukiwa katika mchanga kikafanya kalibu, na chuma kilichoyeyuka kikamiminwa humo.

Sasa sikilizeni vizuri. Chuma kikipoa husinyaa. Chuma cha kusubu hupungua kadiri ya inchi 1/8 kwa kila futi, na chuma cha pua kadiri ya inchi 1/4. Kwa hiyo rula yangu si kama rula zenu. Inchi zake zimefanywa kubwa kidogo makusudi. Nikishika rula isiyo yake, kifaa hutoka kidogo, wala hakuna fundi wa mashine awezaye kukiongeza. Tena pande za kiolezo sharti ziiname kidogo, la sivyo kitavunja mchanga wakati wa kutolewa. Pembe za ndani sharti ziviringwe, maana pembe kali huleta ufa. Hayo yote ni kabla moto haujawashwa.

Mkubwa mmoja aliona nakawia. Akampa kazi hiyo kibarua wa siku, kijana mzuri lakini hakufundishwa. Pande zikatoka wima kama ukuta. Mchanga ukavunjika, vifuniko vitatu vikatupwa, na behewa likalala. Mwisho gunia likarudi kwangu. Je, mshahara wangu uliongezwa? Hata senti moja!

Wengine husema siku hizi ziko mashine za kompyuta zichongazo violezo. Ni kweli, ziko. Katika karakana yetu sijaiona hata moja, na siku itakapoletwa, nani ataiambia chuma kitasinyaa kiasi gani?

Na ninyi wenzetu wa chuma, msicheke. Nimesikia maneno ya chai: "Hao wa maranda watatupunguzia fungu letu." Mwajiri hufurahi sana kusikia hayo. Leo ameshusha seremala, kesho atasema kuchomelea ni kushika moto tu.

Twataka halmashauri ya chama isiitie sahihi orodha ile mpaka wachonga violezo wawekwe daraja la pili, pamoja na mafundi wengine. Mkutano ni Jumamosi baada ya kazi. Mimi nitakuja na kiolezo changu, na kimoja katika vile vifuniko vitatu vilivyotupwa, kila mtu avishike kwa mkono wake.