Hundi Iliyomvusha Mama Mpaka

Mwezi uliopita nilikuwa Illasit, ule mji mdogo wa soko katika kaunti ya Kajiado, mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro. Mama mmoja mkulima wa nyanya alinijia na karatasi mkononi. "Mwalimu," akaniuliza, "hii ni pesa au si pesa?"

Ilikuwa hundi ya shilingi elfu kumi na nane, aliyolipwa na mnunuzi kutoka Nairobi. Alikuwa ameipeleka benki, karani akaitazama na kumrudishia. "Mama, hii imekrosiwa," akamwambia. Msomaji akumbuke kwamba tuko mpakani. Huku, kukrosi ni kuvuka kwenda Tanzania. Mama akaelewa kwamba fedha zake zalipwa ng'ambo, naye akavuka hadi Tarakea, ambako alipata tu kuambiwa kwamba hundi ile ni ya Kenya. Siku mbili zilipotea, na nauli pia, huku mwanawe akiwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Karani hakusema uongo. Juu ya hundi palichorwa mistari miwili ya mshazari, na maana yake kisheria ni kwamba benki isimlipe mtu fedha taslimu dirishani. Sharti zipitie katika akaunti. Ni kinga njema dhidi ya wezi. Lau hundi ingalikuwa wazi, mama angalikwenda katika benki ya mwandikaji na kitambulisho chake, na kama akaunti ile ina fedha, angalilipwa papo hapo. Ilimbidi sasa afungue akaunti kwanza, aiweke hundi humo, kisha angoje benki mbili zimalizane. Nyanya alizokwisha kuuza ziliondoka sokoni siku ile ile.

Wapo watakaosema kwamba tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, hundi ni kitu cha makumbusho. Walimu wanajua sivyo. Basari aghalabu hutolewa kwa hundi iliyoandikwa jina la shule, na sijui ni wazazi wangapi waliokwisha kupanga foleni benki wakidhani watapewa fedha hizo mkononi.

Linalonikera mimi kama mwanaisimu ni hili. Noti yetu ya shilingi elfu moja imeandikwa kwa Kiswahili fasaha: Shilingi Elfu Moja. Hundi, ambayo ni amri ya kutoa noti hizo hizo, husema Kiingereza kitupu, na ikirudishwa, hurudishwa kwa Kiingereza. Si kwamba lugha yetu ni maskini. Neno hundi lilitufikia kutoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wake, na hawala tukalipokea kutoka kwa Waarabu. Pwani hii ilijua kutuma fedha kwa karatasi kabla ya benki za Kiingereza kufungua milango yake Mombasa.

Wala sheria haikatazi. Sura ya 27 ya Sheria za Kenya, inayohusu hati za malipo, yataka hundi iwe amri ya maandishi isiyo na masharti. Haisemi iwe ya lugha gani. Sheria hiyo hiyo yaeleza kwamba tarakimu na maneno yakihitilafiana, kiasi kilichotajwa kwa maneno ndicho kinachofuatwa. (Benki nyingi huirudisha tu hundi ya namna hiyo, lakini hayo ni mengine.) Yaani neno lina nguvu kuliko tarakimu, na mama wa Illasit alikuwa na tarakimu pekee.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Ni gharama gani basi kuchapa nyuma ya kila hundi mistari mitatu ya Kiswahili inayoeleza maana ya ile mistari miwili? Nasi walimu tujiulize: twafundisha barua rasmi na kumbukumbu za mkutano, lakini ni darasa lipi la Kiswahili ambamo mwanafunzi amewahi kujaza hundi?

Yule mama alipata fedha zake wiki iliyofuata. Alinieleza kwamba mnunuzi yule yule alikuwa amerudi kutaka nyanya, tena na kijitabu chake cha hundi mfukoni, naye akamwambia alete noti.