Wasikilizaji na wakae katikati ya okestra

Na Saida Mbarouk

Berlin, kwenye uwanja wa Gendarmenmarkt, lipo jengo la Konzerthaus lililosanifiwa na Karl Friedrich Schinkel na kufunguliwa 1821. Humo hufanyika maonesho yaitwayo Mittendrin, ambapo wasikilizaji hupangiwa viti katikati ya wanamuziki. Utaratibu huo umetokana na enzi za Iván Fischer, Mhungaria aliyekuwa mwongozaji mkuu wa okestra ya hapo kuanzia 2012 hadi 2018. Mtu anakata tiketi, anaingia, anajikuta bega kwa bega na mpiga chelo.

Mwenyeji wa taarab ya Unguja hatashangaa sana, maana kwao aliyeguswa na wimbo huinuka akaenda kumtuza mwimbaji. Lakini hata yeye hurudi kitini kwake. Hakai kati ya kanuni na udi mpaka mwisho wa shughuli.

Kumbi nyingi zaidi zinapaswa kufanya kama huo wa Berlin. Kutoka viti vya nyuma, okestra hufika masikioni ikiwa sauti moja iliyokwisha kuchanganywa. Kazi iliyoizaa haionekani. Katikati yake kazi yote iko wazi. Wapiga fidla hukaa wawiliwawili kwenye stendi moja ya nota, na ukurasa ukiisha mmoja huacha kupiga ili aufunue, mwenzake akiendelea. Mpiga timpani huinama, sikio karibu na ngozi, akaigusa kwa kidole kuhakikisha imekaa sawa ilhali wenzake wanapiga. Viola, ambazo kwa mbali humezwa na fidla, zikisikiwa kwa karibu hudhihirika kuwa ndizo zinazoujaza moyo wa wimbo.

Uzi wa chini kabisa wa besi kubwa hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na aliyekaa jirani yake huusikia miguuni kupitia sakafu ya mbao.

Wapo wapenzi wa muziki wanaopinga. Wanasema mtunzi aliandika ili sauti zikutane mbele ya jukwaa zikiwa zimelingana, na anayekaa ubavuni mwa tromboni hausikii wimbo kama ulivyokusudiwa. Hoja hiyo ina uzito. Tarumbeta likipigwa kwa nguvu karibu na sikio huweza kuvuka desibeli 100, ndiyo maana wanamuziki wengi huziba masikio kwa vizibo maalumu. Waandaaji wasimweke mtoto mbele ya mdomo wa tarumbeta. Tena sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Wapigaji wawili wakiachana kwa mita 20, sauti ya mmoja humfikia mwingine ikiwa imechelewa kwa karibu sehemu sita za mia za sekunde, kiasi cha kutosha kuwafanya wasiende pamoja wakitegemea masikio tu. Kwa hiyo macho hayabanduki kwa mwongozaji. Lakini msikilizaji aliyeketi hapo huona mkono ukiinuka, huona pumzi ikivutwa, na anaelewa ni umakini kiasi gani unaohitajika ili watu 80 waanze kwa pamoja. Huo ni ujuzi ambao mlinganio mzuri wa kiti cha bei ghali haumpi.

Na wapo watunzi waliokusudia hivyo hasa. Iannis Xenakis, Mgiriki aliyesomea uhandisi na kufanya kazi kwa msanifu Le Corbusier, aliandika Terretektorh kwa wanamuziki 88 waliotawanywa katikati ya wasikilizaji, mwongozaji akiwa kitovuni. Hermann Scherchen aliiongoza kwa mara ya kwanza Royan, Ufaransa, mwezi Aprili 1966. Sauti huzunguka ukumbini kutoka mpigaji hadi mpigaji, na hakuna watu wawili wanaosikia kitu kilekile. Kwa kazi kama hiyo hakuna kiti cha heshima.

Kikwazo kikubwa ni samani. Kumbi nyingi zimekaza viti vyake sakafuni kwa misumari na skrubu, vyote vikitazama upande mmoja. Basi waandaaji waanzie kwenye kumbi za shule, za makanisa na za michezo, ambako viti hubebwa kwa mikono, na wakati wa mapumziko wawaruhusu watu wahame: aliyekaa penye ngoma aende penye filimbi.