Tuwafunze watoto kusoma kigezo

Kila Januari inapobisha hodi, mazungumzo ya wazazi nchini hayaendi mbali na mambo mawili: karo na sare. Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi za umma mwaka 2003, wengi tulisema kwamba mlango wa elimu umefunguliwa. Naam, ulifunguliwa. Hata hivyo, mzigo wa sare ulibaki mabegani mwa mzazi, na hadi leo haujatuliwa. Mtoto asiyedaiwa karo angali anaweza kukosa masomo kwa sababu ya kaptula iliyochanika au rinda lisilo na rangi inayotakiwa.

Hili si jambo la kukisia. Wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya uchunguzi katika shule 328 za msingi magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2003. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bila malipo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba idadi ya walioacha masomo ilipungua, wavulana kwa wasichana, na kwamba visa vya mimba za mapema vilipungua miongoni mwa wasichana waliopewa sare. Vazi la mita chache za kitambaa liligeuza mkondo wa maisha ya watoto.

Ikiwa nguo ya mtoto ina uzito wa kiasi hicho, basi ni haki tujiulize: imekuwaje taifa zima likabaki kujua kuinunua tu, bila kujua kuitengeneza? Nadai katika makala haya kwamba kushona nguo ya mtoto nyumbani kwa kufuata kigezo cha karatasi ni elimu kamili. Tulipoiacha, hatukupoteza ujuzi wa mikono pekee, bali tulipoteza pia aina moja ya kusoma.

Nianze na neno lenyewe. Ukimwuliza mwanafunzi wa chuo kikuu maana ya kigezo, aghalabu atakutajia masharti ya kutuzia alama au ya kumteua mgombea wa kazi. Jibu hilo si kosa, lakini ni tawi lililosahau shina. Neno hili limetokana na kitenzi kugeza, yaani kupima, au kuiga kwa kufuatisha. Kamusi kongwe za Kiswahili zinakipa kigezo maana ya kipimo na ya kielelezo ambacho kitu kingine hutengenezwa kwa kukifuata. Neno lilianza mikononi mwa mafundi kabla ya kupanda ngazi na kuingia katika vyumba vya mitihani.

Kigezo cha karatasi kinachouzwa kikiwa na vipimo mbalimbali kina historia inayojulikana. Mwaka 1863, fundi mmoja wa nguo aitwaye Ebenezer Butterick, wa mji wa Sterling katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alianza kuuza vigezo vilivyokatwa kwa ukubwa tofauti tofauti. Vya mwanzo vilikuwa vya nguo za wanaume na wavulana. Kabla ya hapo, michoro iliyotolewa magazetini ilikuwa ya ukubwa mmoja, na mshonaji alilazimika kuipanua au kuipunguza kwa makadirio yake. Butterick alimpa mzazi wa kawaida maarifa yaliyokuwa kichwani mwa fundi, tena kwa lugha aliyoielewa.

Hebu tukitazame kigezo cha rinda la mtoto kwa makini. Kina vipande: cha mbele, cha nyuma, cha mkono na cha ukosi. Kila kipande kina alama zake. Mshale mrefu humwagiza mshonaji akilaze kipande sambamba na ukingo wa kitambaa uliofumwa, ili nguo isije ikapinda ikivaliwa. Alama ya kunjo huonyesha kwamba kitambaa kikunjwe kabla ya kukatwa, ili kipande kikifunuliwa kiwe kizima bila mshono katikati. Vijipembetatu vya ukingoni huonyesha mahali mkono unapokutana na kiwiliwili. Vigezo vingi vya viwandani huacha sentimita 1.5 kila ukingo kwa ajili ya mshono. Anayepuuza nafasi hiyo atapata nguo inayomkaba mtoto kifuani.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi cherehani, na nikitazama karatasi hiyo naona matini. Ina msamiati wake, ina alama zenye maana iliyokubaliwa, na ina mpangilio usioruhusu hatua ya tano kuitangulia ya pili. Mwanafunzi anaweza kuisoma shairi asilielewe na bado akapata alama kwa kubahatisha. Hawezi kubahatisha kigezo. Akikisoma vibaya, mkono wa kulia utakaa kushoto, naye ataliona kosa lake kabla mwalimu hajalitia kalamu nyekundu.

Humo mna hesabu pia. Jedwali la vipimo halijali umri wa mtoto. Hujali kifua, kiuno na urefu wake. Katika majedwali ya Kimarekani, ukubwa wa 6 ni wa mtoto mwenye kifua cha sentimita 64 hivi. Ikiwa mwanao wa miaka minane ana kifua hicho, basi huo ndio ukubwa wake, na urefu wa nguo utaongezwa kwa mujibu wa kimo chake. Mzazi mwenye busara huacha upindo mpana chini ya rinda, aje auteremshe mtoto anaporefuka. Sare ya dukani, ambayo upindo wake ni mwembamba kama utepe, haitoi nafasi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba sindano ni masalio ya ukoloni. Wana hoja. Vyama vya wanawake vilivyozaa Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952 vilifundisha kushona, kupika na usafi chini ya uangalizi wa maafisa wa serikali ya kikoloni, ilhali shuleni sindano iliachiwa msichana na msumeno mvulana. Lakini dhambi ya mafunzo hayo ilikuwa kumfungia msichana humo, wala haikuwa ya sindano. Tena ushonaji haukuletwa na Mwingereza. Katika mwambao wetu, kanzu zilikatwa na kushonwa na mafundi wanaume, na kofia zikadariziwa majumbani, kabla ya bendera yake kupandishwa.

Tulijaribu kulirekebisha hilo tukashindwa. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikusudia kumpa kila mtoto stadi za mikono, na Sayansi Kimu ikawa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa katika KCPE. Wazazi walilalamikia gharama, walimu wakalalamikia uhaba wa vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya aina hiyo yakaondolewa katika mtihani huo. Kwetu sisi, somo lisilotahiniwa ni somo lililozikwa.

Wakati huohuo soko lilikuwa limekwisha kugeuka. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba ilifurika na viwanda vya vitambaa kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vikaporomoka. Rivatex iliokolewa na Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Mnamo Machi 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba katika muda wa miaka mitatu. Marekani ilipodokeza kwamba manufaa ya sheria yake ya AGOA yangekatizwa, Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafasi yake ya kuuza huko nguo bila ushuru.

Simo katika kundi la wanaoitukana mitumba. Gikomba inalisha na kusomesha maelfu ya watoto. Ninachosema ni kwamba mtu ajuaye kununua tu hana hiari. Atavaa alicholetewa, kwa bei aliyotajiwa. Ajuaye kusoma kigezo huiona mitumba kwa jicho jingine. Shati pana la mtu mzima likifumuliwa na kupigwa pasi hutoa shati zima la mtoto wa chekechea.

Nafasi ya kujirekebisha ipo, maadamu tunajinasibu na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019. Lakini hapa pia pana mashaka. Baada ya jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kupendekeza mwaka 2023 kwamba masomo yapunguzwe, Sayansi Kimu ilimezwa na masomo mengine katika shule za msingi. Isitoshe, miradi mingi inayopelekwa nyumbani humalizwa na mzazi usiku wa manane, mtoto akiwa amelala. Umilisi wa namna hiyo ni wa mzazi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ichapishe vigezo vya sare tatu za kawaida, yaani kaptula, shati na rinda, kwa ukubwa mbalimbali na kwa maelezo ya Kiswahili sanifu. Sijawahi kuona dukani kigezo chenye maelezo ya lugha yetu, ingawa lugha yenyewe haina upungufu: tuna mkasi, uzi, upindo, ukosi, kikwapa, marinda na taraza. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha uandishi wa maagizo atapata humo matini halisi.

Pili, shule zikubali sare iliyoshonwa nyumbani au kwa fundi wa mtaani, almuradi rangi na umbo vifanane na vya wengine. Mapambo yanayopatikana katika duka moja tu hayamwongezei mtoto akili. Yanamwongezea mwenye duka faida. Tatu, wavulana na wasichana waketi meza moja wajifunze kupima, kukata na kushona kwa mkono kabla ya kufikiria cherehani. Sindano, uzi na gazeti kuukuu la kuchorea vinatosha kuanzia.

Nitaambiwa kwamba mama anayerudi kutoka kibaruani saa moja usiku hana muda wa kushona. Ni kweli, na simtwiki mzigo mwingine. Kwanza kuna baba pia. Halafu si lazima kila nyumba ishone kila nguo, kama ambavyo si lazima kila anayejua kusoma aandike kitabu. Lakini anayejua kusoma hadanganywi na mwandishi, na anayejua kigezo hababaishwi na bei. Fundi wa mtaani naye hatapoteza chochote. Sare ikiwa wazi kwa wote, kazi itamfuata kibandani mwake.

Wahenga walituusia kwamba cha kuazima hakistiri maungo. Tumeazima nguo kwa zaidi ya miaka 30. Wizara ya Elimu haihitaji mkopo wa kigeni ili ichapishe karatasi hizo tatu, na walimu hawahitaji waraka ili waanze kufundisha kwa gazeti na rula. Januari nyingine inakuja, na pamoja nayo watoto watakaobaki nyumbani kwa kukosa mita mbili za kitambaa zilizoshonwa.