Mnunuzi wa Pwani na Peugeot ya Buruburu

Wako watu wetu wa Pwani ambao, wakishaweka akiba kidogo, hawatamani motokaa iliyoshushwa juzi bandarini kutoka Japani. Wanataka ile ya zamani, yenye umbo walilolizoea tangu utoto. Safari yao huwafikisha Nairobi, katika mitaa ya mashariki: Buruburu, Umoja, Makadara, Kariobangi. Huko magari hayo yamelala chini ya maturubali mbele ya nyumba, au yamepangwa kando ya gereji za jua kali yakingoja mnunuzi. Hatuna ugomvi na hamu hiyo. Ugomvi wetu ni na namna ya kununua, kwani wengi hutazama rangi, husikiliza mngurumo wa injini, wakatoa fedha. Na rangi na injini ndivyo vitu ambavyo mafundi wa mitaa hiyo huvifanya upya kwa wepesi kuliko vyote.

Wamarekani wana yale magari yao ya injini kubwa, kama Ford Mustang iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ambayo vijana huyaona katika filamu. Hapa kwetu ni nadra mno, na mengi yana usukani wa kushoto ambao sheria ya Kenya hairuhusu kusajiliwa ila kwa kazi maalum. Magari yetu ya nguvu yalipata sifa katika matope na vumbi la Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. Datsun 1600 SSS ilishinda 1970. Peugeot 504 ilishinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Na hiyo 504 ina nasaba ya Pwani, maana iliungwa Mombasa kwa miaka mingi katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kilichoanzishwa 1975. Ile ndefu ya safu tatu za viti ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa marefu, na wazee wetu wengi wameipanda. Basi tuifanye hiyo kuwa mfano wetu.

Ndugu msomaji, ukifika usianze kwa kuomba ufunguo. Omba jeki, ulale chini. Saluni ya 504 haina chasisi ya kando; bodi yenyewe ndiyo mifupa, na kutu ikishaila bodi imekula gari zima. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa ili isikwaruze rangi, uipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Penye bati itashika. Palipojazwa fila itaanguka. Inua mikeka, ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Fungua boneti utazame pale shokabu za mbele zinaposhikana na bodi kwa juu, kwani ndipo uzito unapoegemea, na ukiona bati limechomelewa vipande juu ya vipande hapo, funga boneti, aga kwa heshima.

Mtu atasema Nairobi hakuna chumvi ya bahari, kwa hivyo gari la bara ni salama. Ni kweli nusu. Sehemu kubwa ya mitaa ya mashariki imesimama juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaoshika maji kwa muda mrefu baada ya mvua. Gari lililoegeshwa juu ya udongo huo misimu kadhaa huoza kuanzia chini huku juu likimetameta. Kisha wewe unalipeleka Likoni au Kisauni. Kutu ambayo bara ingechukua miaka mingi kumaliza kazi yake, upepo wa bahari hauipi muda huo.

Injini haitusumbui sana. Ya petroli ya 504 ina slivu zinazotolewa na kutiwa nyingine, na fundi mzoefu huifumua na kuiunga chini ya mwembe. Lakini hakikisha imepoa unapoanza. Gusa boneti, ikiwa ni moto, basi kuna aliyeiwasha kabla hujafika, na ana sababu. Moshi wa samawati maana yake inakula oili. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta kitu kama uji mweupe, maji yamechanganyika na oili, na huenda silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu, imepinda kwa joto. Si ajabu pia kukuta injini ya Toyota ndani ya Peugeot. Hilo si dhambi, ila lisemwe, bei ishuke, na namba ya injini ilingane na iliyosajiliwa. Hali kadhalika beji. Maandishi ya SSS hununuliwa dukani na kubandikwa juu ya Datsun yoyote.

Nenda na fundi wako mwenyewe, na umlipe ujira wake hata kama hukununua. Fundi anayelipwa na dalali baada ya mauzo hawezi kuona kutu. Yule wa gereji ya mtaani aliyelihudumia gari hilo miaka yote ana thamani kubwa zaidi. Kaa naye, mnunulie chai, muulize limegongwa mara ngapi.

Fila iliyopakwa juu ya kutu ni aibu iliyofichwa ya bidhaa, na kila aliyesoma mlango wa biashara madrasa anajua kuwa mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha. Lakini kurudisha Kariobangi kutoka Mombasa, kwa dalali aliyebadilisha namba ya simu, ni jambo jingine. Kwa hivyo muulize muuzaji kuhusu kasoro mbele ya mashahidi, na majibu yaandikwe.

Hata hivyo hasara kubwa kuliko zote haimo katika bati. Imo katika makaratasi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi isome kwa macho yako, kisha uilinganishe na kumbukumbu za NTSA, kwani namba ya zamani ya kabla ya 1989 yaweza kung'olewa katika gari lililokufa na kufungwa katika jingine. Jina la mwenye gari ni la nani? Mara nyingi ni la mzee aliyekwisha fariki, na anayeuza ni mwanawe mmoja aliyebaki nyumbani. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na mwenye gari mwenyewe kwa mtandao, na marehemu haanzishi kitu. Lazima pawe na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Kwa familia za Kiislamu, iwe za Majengo Pumwani au za Eastleigh, kesi hiyo yaweza kwenda kwa Kadhi.

Na tusidanganyane kwamba hilo ni urasimu tu. Mjane wa mzee yule, ikiwa ameacha watoto, ana thumuni yake ndani ya gari hilo. Mabinti walioolewa mbali wana fungu lao. Kijana aliyekupa ufunguo ana sehemu ndogo, akakuuzia nzima. Wadai ridhaa yao wote kwa maandishi kabla ya kufungua mkoba, hata ikibidi kurudi Pwani mikono mitupu na kungoja miezi.

Yakitimia, lipa kupitia benki ili pabaki ushahidi, wala usiachie salio lolote mikononi mwa dalali. Na ukishalifikisha nyumbani, litiwe dawa ya kuzuia kutu chini na ndani ya milango kabla ya kufikiria rangi mpya.