Uchambuzi: Mvinyo wa Ufaransa na sambaza wa Rusizi

Mvinyo mwekundu wa Ufaransa ukitajwa mezani Kamembe, wilayani Rusizi, jina linalotangulia ni Bordeaux. Lina heshima yake, lakini kwa mlo wa huko halifai sana: ukakasi wa mvinyo huo, ukikutana na mafuta ya sambaza wa Ziwa Kivu, huacha ladha ya chuma mdomoni. Mahali pake ni kwenye nyama ya ng'ombe, na labda mishikaki ya mbuzi. Sambaza wa kukaanga, ikiwa ni lazima waandamane na mvinyo mwekundu, huelewana zaidi na Beaujolais, utokanao na zabibu za Gamay, ukiwa umepozwa kidogo.

Hata hivyo, ladha si kikwazo kikubwa. Chupa hiyo hushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, kisha husafirishwa kwa lori hadi kuvuka msitu wa Nyungwe, ikiwa imebeba ushuru na nauli. M23 ilipoitwaa Bukavu, ng'ambo ya mto, Februari 2025, benki za mji huo zilifungwa na fedha taslimu ikaadimika. Mteja anayevuka daraja akiwa na noti chache huacha kwanza chupa. Sambaza bado atawanunua.